Aliyezoea Kujibu

Pale gatini mashua ile ilijulikana kwa maneno mawili. Ikiwa inaingia na mizigo yake, saruji au mabati au magodoro ya kupeleka visiwani, na nahodha anataka kuigeuza ishike upepo kwa upande wa pili, utamsikia anauliza, "Tayari?" Kutoka mbele, kwenye kamba, mkewe anajibu, "Tayari." Ndipo usukani unasukumwa, matanga yanapiga kelele kama shuka zinazokung'utwa, mashua inageuka. Miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Wapakuzi waliokuwa wakicheza karata juu ya magunia waliugeuza mchezo: mmoja akitaka kwenda msalani anamuuliza mwenzake, "Tayari?" na genge zima linaangua kicheko.

Nahodha huyo walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Hakuwahi kugeuza chombo kabla hajajibiwa. Mkewe, waliyemwita Mama Kamba, akiwa na kamba iliyojisokota au mguu uliokaa vibaya, alisema "Bado," na Taratibu alisubiri. Siku nyingine alisema bado kwa uchokozi tu, hana lolote la kumzuia, ili amsikie mzee akiguna kule nyuma. Aliguna, lakini alisubiri. Kila wawili wana namna yao ya kupendana, na namna ya hawa ilikuwa hiyo. Nimeona za ajabu kuliko hiyo.

Kisha Taratibu akaugua ini. Alilazwa wiki tano, kitanda cha tatu kutoka dirishani, feni ya darini ikizunguka kwa kusuasua na jirani yake akisikiliza redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Siku ya mwisho, saa nane mchana, alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alifumbua macho. Hakumtazama mkewe, alitazama mbele kidogo, kama anayepima mahali pa kupita, akauliza kwa sauti ile ile ya kazini, "Tayari?"

Mama Kamba alijibu, "Bado."

Akatoka mbio kumwita muuguzi. Waliporudi wawili, Taratibu alikuwa ameshageuza.

Hilo hakumwambia mtu. Waliokuja kumpa pole aliwaambia kwamba mzee alikwenda kwa amani, hakusumbua. Lakini moyoni alikuwa na hasira naye, hasira ya mke na mume, ile ya kupeana migongo kitandani. Ila sasa hapakuwa na mgongo wa kuupa mgongo. Miaka ishirini na sita hujanivunjia neno, alikuwa akimwambia huku anaosha sufuria. Siku moja tu niliyosema bado kwa kumaanisha, hukunisubiri.

Mwezi wa tatu tangu mazishi shemeji yake alikuja. Ni mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwema mwenye vidole vilivyojaa makovu ya cheche. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akanywa chai yote kabla hajafungua mdomo. Kisha akasema kwamba leseni ya mashua iliandikwa jina la kaka yake, kwamba bandari imetoa miezi mitatu na inaisha, kwamba chombo kisicho na nahodha kitavutwa kitolewe gatini, na kwamba kwa bahati amempata mtu wa kukinunua. Wamalize mambo, Mama Kamba apumzike, akae na wajukuu.

"Sina wajukuu," Mama Kamba alisema.

"Basi ukae tu."

Alimwambia hakai. Mtihani wa unahodha ataufanya yeye. Shemeji alicheka, akamtazama usoni, akaweka kikombe chini. Akauliza, je, akishindwa?

"Nikishindwa, uza. Sitatia neno."

Hakumweleza kwa nini, maana hata yeye hakujua kulisema vizuri. Alijua tu kwamba chumba walichopanga kilikuwa kimya mno, na kitanda hakichezi, na kila asubuhi miguu ilimpeleka gatini yenyewe. Alikuwa anaingia mashuani ikiwa imefungwa, anaanika matanga yaliyokwisha kukauka, anayakunja, anayaanika tena. Nchi kavu alikuwa mjane wa mtu. Mle ndani alikuwa na kazi.

Mtihani wenyewe ulijulikana: kutoka gatini, kulizunguka boya jekundu, kurudi na upepo wa mbele kwa kugeuza huku na huku, kupita kati ya fungu la mchanga na ukuta wa mawe, kufunga chombo. Nahodha mmoja, msaidizi mmoja. Wanaume wa gatini walijitolea kumsaidia, akawashukuru wote, akawakataa wote. Hakutaka sauti nzito iwe inatoka mle mashuani. Akamwendea binti yake.

Binti ni msusi. Ana kibanda karibu na stendi, viti viwili vya plastiki na kioo kilichopasuka pembeni, na foleni ya wateja tangu asubuhi. Majini hapawezi kabisa. Baba yake alikuwa akisema mtoto huyu akitazama beseni muda mrefu anatapika. Lakini alimtazama mama yake pale mlangoni, na nguo za kazi ambazo hakuzivaa miezi mitatu, akafunga kibanda.

"Wateja wangu wanatembea na nusu kichwa kwa ajili yako, Mama," alisema. "Ukishindwa, mimi na wewe hatujuani."

Walifanya mazoezi wiki nzima. Mama alimweka binti mbele, mahali pake mwenyewe, yeye akashika usukani. Alimfundisha: nikitikisa kichwa, kamba hii unaiachia, ile ya upande wa pili unaivuta, unaifunga kwenye kigingi. Binti aliuliza mbona kichwa, Baba si alikuwa anauliza kwa mdomo?

"Baba yako hayupo," mama alisema, akamkabidhi kamba tena.

Binti alijifunza haraka, maana vidole vyake vilikuwa na nguvu na akili. Tatizo lilikuwa moja. Akishaizungusha kamba kwenye kigingi mara tatu inavyotakiwa, kila mara aliongeza kifundo kidogo cha mwisho, kilekile anachomalizia msuko. Mama alikuwa akikiona anakifungua.

"We mtoto, kamba si nywele. Kamba tunaifunga ili ifunguke."

"Nimezoea, Mama. Kwangu mimi kikifunguka kabla ya mwezi, mtu anarudi kunitukana."

Siku ya mtihani mkaguzi wa bandari alikuja na ubao wake wa karatasi. Gatini walimwita Boya, kwa sababu koti lake la kujiokolea halikumtoka mwilini, hata ofisini, hata anapokunywa chai. Alikaa nyuma karibu na usukani, akafunga vifungo vyote vya koti, akasema waondoke. Shemeji alikuwa amesimama ukingoni mikono kifuani. Binti alikuwa anatafuna tangawizi na uso umeshaanza kupauka.

Kwenda kulikuwa rahisi, upepo uko mgongoni. Walilizunguka boya jekundu, wakaanza kurudi. Kwenye mgeuzo wa kwanza Mama Kamba alitikisa kichwa. Binti alikuwa ameinamia kamba, hakuona. Akatikisa tena, na tena, kama mjusi juu ya ukuta, mwisho akapiga mguu sakafuni. Binti alishtuka, akaiachia kamba amechelewa, mashua ikageuka kwa kuyumba na maji yakawarukia wote watatu.

Mkaguzi alifuta karatasi yake kwa kiwiko. Aliuliza mama alikuwa anazungumza na nani. Na msaidizi wangu, alijibiwa.

"Kwa kichwa?" mkaguzi alisema. "Kanuni inataka sauti, Mama. Uulize, ujibiwe. Mgeuzo unaofuata nisiposikia neno, tunarudi naandika umeshindwa."

Mgeuzo uliofuata ulikuwa wa kwenye fungu la mchanga. Upepo ulikuwa umeongezeka na mashua ilikuwa inakwenda kwa kasi, imelala upande. Mbele yao maji yalianza kubadilika rangi, kutoka bluu kuwa kama chai ya maziwa. Mama Kamba alipajua mahali hapo hata akifumba macho. Hapa ndipo Taratibu alipokuwa akiuliza, siku zote hapahapa, nyumba ya mnara wa taa ikishajificha nyuma ya ukuta wa mawe. Nyumba ikajificha. Viganja vyake vikajikunja vyenyewe kama vimeshika kamba. Akangoja.

Usukani ameushika yeye, na bado alikuwa anangoja kuulizwa.

Neno lile hakuwahi kulisema akiwa upande wa kuuliza, hata kwa mzaha. Kulisema ilikuwa kukubali kwamba mwenye nalo hatakuja kulisema. Mkaguzi alikuwa amemkazia macho, kalamu mkononi.

"Tayari?" alisema. Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu aliyeamshwa.

Binti aligeuza kichwa akamtazama. Kisha akaangalia kigingi, na mikono yake ikaanza kwenda mbio.

"Bado, Mama."

Kifundo. Alikifunga bila kujua, na upepo ulikuwa umekivuta kikawa kama jiwe. Mama alikiona. Alimwona mtoto wake anakishambulia kwa kucha, kwa meno, mabega yamepanda juu.

"Bado. Bado, nisubiri kidogo."

Alitaka kumsubiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kumsubiri mtoto yule. Aliuzuia usukani kwa mikono miwili, akalisogelea fungu, akalisogelea tena, mpaka akaona mistari ya mawimbi iliyoandikwa kwenye mchanga chini, mpaka akaona kombe jeupe la chaza limelala peke yake. Mashua haikuwa na habari na mtu. Ilikuwa inakwenda.

Akausukuma usukani.

Pua ya mashua iliuelekea upepo, tanga likapoteza nguvu likaanza kupigapiga, na kwa muda wa pumzi moja kamba ikalegea. Pumzi hiyo ilivitosha vidole vya msusi. Kifundo kikaachia. Lakini tanga likajaa upande wa pili kabla binti hajautoa mkono, na kamba ikapita katikati ya kiganja chake ikikimbia. Mkaguzi aliteleza na ubao wake mpaka upande wa pili, akabaki ameshikilia ukingo wa mashua kama ndugu yake. Chini usukani ulikwaruza mchanga mara moja, ukaacha. Kisha maji yakawa bluu.

Binti alivuta kamba ya pili kwa mkono mzima, akaizungusha mara tatu, akaiacha hapo. Ndipo akatazama kiganja. Ngozi ilikuwa imetoka mstari mzima.

"Nilikwambia bado."

"Nilikusikia."

"Sasa mbona hukunisubiri?"

"Nilikusubiri, mwanangu," mama alisema. "Pa kusubiri pakaisha."

Alipolisema akalisikia. Likamwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mbao kavu, na mikono ikiwa bado kwenye usukani machozi yakaanza kumtoka, yale ya miezi mitatu, bila sauti, yakipeperushwa na upepo kwenda nyuma. Mkaguzi alijishughulisha sana na kifungo cha koti lake.

"Baba yako aliniuliza," Mama Kamba alisema. "Kule wodini. Aliniuliza kama siku zote, nikamwambia bado. Nilipotoka kuita mtu, akaenda."

Binti alikuwa ameubana mkono wake kwapani, midomo imepoteza rangi kwa maumivu na kichefuchefu.

"Hata mimi ningemwambia bado," alisema.

Ulibaki mgeuzo mmoja, wa kuingia gatini. Mama alijifuta uso kwa bega. Aliuliza, safari hii kwa sauti ya kusikika, na binti akajibu kwa lile neno lililotakiwa, akaachia kamba kwa wakati. Pale juu ya magunia mchezaji mmoja alibaki na karata yake hewani. Hakuna aliyecheka. Shemeji alivua kofia, akageuka akawa anatazama maghala ambayo hayakuwa na kitu cha kutazamwa.

Mkaguzi alijaza karatasi yake akiwa ameshakanyaga nchi kavu. Alikwama kwenye mstari wa jibu la msaidizi, akauliza aandike nini.

"Andika alijibu bado."

"Na ukageuza."

"Nikageuza."

Mkaguzi alitazama fungu, akatazama mkono wa binti, ambao shemeji alikuwa anaufunga kwa kitambaa chake cha kazini. Aliandika kitu kirefu kuliko nafasi iliyokuwepo, akagonga muhuri wa kufaulu.

Shemeji alimpeleka binti zahanati. Mama Kamba alisema atawafuata, kwanza aweke chombo sawa. Alikunja matanga. Alizikusanya kamba moja moja, akazitundika, na kwenye ile ya mbele akakuta damu kidogo, akaiosha. Kazi ilipokwisha aliinua macho kutazama nyuma, kama alivyofanya miaka yote, kuona kama mzee ameridhika.

Usukani ulikuwa umefungwa vizuri. Aliufunga mwenyewe.