Uzinduzi wa Afya ya Mbwa

Mama Cherehani hakuwa mtu wa mikutano. Alishona sare za shule na mapazia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na mlangoni alilala mbwa wake wa kahawia, mzee na mnene, aliyempa jina la Meneja kwa sababu alishinda pale akiwatazama wengine wakifanya kazi. Lakini ilipotangazwa mtaani kwamba daktari wa mifugo anakuja kuchanja mbwa na paka bure, wasipate kichaa, aliacha suruali haijatiwa pindo, akamfunga Meneja kamba, akamtia paka kwenye kikapu cha nguo, huyo akaenda.

Mwandaaji wa shughuli alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mdogo wa marehemu mume wa Mama Cherehani. Mwenyekiti hakuwahi kufuga hata kuku. Ila tangu asikie kwamba mgeni rasmi ni mpenzi mkubwa wa wanyama, alikuwa ameanza kuwasalimia mbwa njiani.

Uwanja ulipambwa ukapambika. Turubai kubwa lilikuwa limesimamishwa, na chini yake kulikuwa na zulia, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na chupa za maji zilizojipanga mezani kama askari wa gwaride. Mbele ya turubai ulinyooshwa utepe mwekundu. Mbwa, paka na wenyewe walisimama upande wa pili wa utepe, juani. Bango lilisema AFYA YA MBWA NA PAKA MWAKA MZIMA, na picha yake ilikuwa ya mbwa mwenye manyoya marefu aliyesimama kwenye theluji.

"Shemeji," Mama Cherehani aliita, "tusogee kivulini kidogo. Huyu wangu kashaanza kuhema vibaya."

"Vumilia, shemeji yangu. Kivuli ni cha itifaki."

"Na maji?"

"Maji nayo ni ya itifaki."

Daktari, mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira, alikuwa amekaa karibu na kasha lake la barafu, jicho barabarani. Mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Mwenyekiti, naomba nianze. Barafu inayeyuka. Chanjo ikipata joto inaharibika, nitakuwa nadunga watu wasio na kosa, yaani mbwa wao, bila faida yoyote."

"Daktari," Mwenyekiti alisema kwa upole wa mtu anayemwelewesha mtoto, "utachanjaje kwa chanjo ambayo haijazinduliwa?"

Ili watu wasichoke kumsubiri mgeni, aliamua kuwahutubia. Alifungua karatasi zake.

"Ndugu wananchi! Wakati wa joto, mbwa asiachwe juani. Narudia, asiachwe juani!" Watu wakapiga makofi, mikono mingine ikiwa imekinga jua usoni. "Apewe maji safi muda wote! Wakati wa mvua apate pa kulala pakavu, aangaliwe kupe na viroboto. Wakati wa baridi..." Hapo koo lilimkauka. Akafungua chupa, akanywa, akajifuta, akaendelea na baridi.

Alikuwa bado kwenye baridi Meneja alipoanguka. Miguu ilimlegea yote kwa pamoja, mate mazito yakamtoka, ulimi ukawa mwekundu wa kutisha. Mama Cherehani hakupiga kelele. Alimwachia jirani kikapu cha paka, akamkumbatia yule mbwa mzito kama mtoto mwenye homa, akaelekea kivulini moja kwa moja. Utepe ulimkaa kifuani, ukavutika, ukakatika.

"Shemeji! Utepe!"

Hakugeuka. Alimlaza Meneja kwenye zulia katikati ya viti vyeupe, na daktari akafika mbio.

"Maji ya kawaida, siyo ya barafu. Mmwagie tumboni, kwapani, kwenye nyayo. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Apepewe!"

Mama Cherehani alifungua chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hayo ni ya mgeni!" Mwenyekiti alilalamika.

"Mgeni yuko wapi? Mgonjwa ndiye huyu. Na wewe umeshika nini hapo? Pepea!"

Mwenyekiti alizitazama karatasi zake, akamtazama shemeji yake, akapiga magoti. Akampepea Meneja kwa hotuba yote, kuanzia joto mpaka baridi.

Kuona hivyo, watu wote waliingia kivulini na wanyama wao. Meneja alipoanza kuhema taratibu na kuinua kichwa, daktari alinawa mikono, akakagua kasha lake na kukuta barafu imebaki ya kutosha.

"Utepe umeshakatika," alisema. "Naona tumezinduliwa."

Mbwa walichanjwa juu ya viti vya itifaki. Paka wa Mama Cherehani alidungwa, akamtazama daktari kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Meneja aliambiwa apumzike kwanza, chanjo yake ataipata akishapona kabisa.

Ndipo gari la mgeni rasmi likafika, vioo juu. Kioo kimoja kilishuka upana wa kidole.

"Wamefungwa?" sauti iliuliza.

"Wamechanjwa, mheshimiwa!" Mwenyekiti alijibu kwa fahari.

"Nauliza wamefungwa?"

Mbwa mmoja akabweka. Kioo kikapanda haraka, kikashuka tena nusu kidole, na kwenye upenyo huo mgeni akasema kwamba anawapenda mbwa tangu utotoni. Watu wakapiga makofi. Gari likaondoka.

Mwenyekiti alibaki amekaa zuliani, suruali imelowa, Meneja ameweka kidevu juu ya kiatu chake.

"Shemeji, naona amenipenda."

"Amechoka tu. Hebu nisaidie kumbeba."

Alimbeba. Njia nzima alilalamika kuhusu uzito.

"Huyu anakula nini?"

"Ninachokula mimi. Daktari kasema nimpunguzie."

"Basi kile utakachopunguza, mimi niko tayari kukipokea kila jioni."

Mama Cherehani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alitembea karibu nao, kikapu mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa anagusa sikio la mbwa wake kila baada ya hatua chache, kuhakikisha kwamba joto limeshuka.