Mbona, au Juu ya Nini

Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa katekista hapa Wamaza, na kila Kwaresima hakosi mjuaji mmoja wa kunyoosha mkono. Matayo anasema Yesu alikufa akilia kwamba Mungu amemwacha. Luka anasema alikufa akiiweka roho yake mikononi mwa Baba. Sasa tumwamini nani? Jibu nilikuwa nalo, tena nililipenda kama koti langu la Jumapili. Nilisema mashahidi hawagombani, kila mmoja alisikia cha kwake. Neno la uchungu lilitangulia, la amani likafunga. Watu waliridhika, nami nikaenda zangu kula.

Aliyewahi kunivurugia hesabu hiyo ni mwanangu Salomon. Alikuwa na miaka tisa, nikampa asome Ijumaa Kuu mbele ya kanisa zima, maneno ya Matayo na ya Luka. Hofu ikamshika, akayafanya moja, "Baba" la Luka na kilio cha Matayo: "Baba, mbona umeniacha?" Watu walicheka. Tulipofika nyumbani nilimzaba kofi. Nilimwambia kila shahidi ana neno lake, asiyachanganye. Niliyasema hayo mimi, niliyekuwa nikiyachanganya kila mwaka na kusifiwa.

Alipokuwa mtu mzima alitaka kwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Mimi nilitaka abaki alime na kufundisha watoto katekisimu. Siku ya kuondoka alikaa juu ya pikipiki, mgongo kwangu. Nilimwita mara tatu. Kwetu mtoto akiitwa na baba yake huitika, hata kama ana hasira. Kunyamaza ni tusi. Hakuitika. Nikamwambia kwa sauti ya kusikiwa na majirani kwamba asipoitika, asiniite baba tena. Mke wangu Consolée alinishika mkono, nikamsukuma. Ilipita miaka miwili bila hata simu.

Mwaka huu, katikati ya Kwaresima, walikuja vijana wawili, matope hadi magotini. Mmoja ni Atumani, Mwislamu wa Kasongo. Wa pili ni Bisimwa, wa kabila la Bashi, aliyetoka Bukavu. Walikuwa wakichimba pamoja na Salomon. Waliniletea viatu vyake vya mpira, wakaniambia shimo liliporomoka naye akiwa ndani, na kwamba sauti yake ilisikika tangu asubuhi mpaka saa nane. Mwili haukutolewa. Consolée aliviweka vile viatu juu ya mapaja yake, hakulia.

Niliuliza alisema nini. Atumani akajibu haraka:

"Alisema, muambie baba, nimeitika. Ni vile tu, papa."

Nilitaka kumkumbatia yule kijana. Lakini Bisimwa alikuwa anatazama chini, na Consolée akamwambia aseme yeye pia.

"Mie nilisikia ingine," alisema Bisimwa. "Alisema, baba, juu ya nini umeniacha."

Hapo ndipo nikarudia kazi yangu ya ukatekista. Nikayapanga. Neno la uchungu litangulie, la amani lifunge, mwanangu awe amekufa ameniitikia. Lilibaki jambo dogo tu la kuthibitisha, nikauliza nani kati yao aliondoka kwanza pale shimoni. Atumani akasema ni yeye, alikimbia kutafuta miti ya kuegemeza ukuta. Bisimwa alibaki mpaka sauti ilipokatika.

Basi ilikuwa kinyume. Aliitika kwanza, akangoja, na mwisho akauliza kwa nini nimemwacha. Nilikaa kama mtu aliyenyang'anywa kiti.

Consolée ndiye aliyekumbuka. Alisema polepole kwamba Salomon hakuwa akisema nami, alikuwa akiomba. Kwamba yale ni maneno ya Ijumaa Kuu, amekosea kama alivyokosea akiwa mdogo. Nikamgeukia Bisimwa. Nilimuuliza neno moja tu, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayesema "mbona" mdomoni mwake. Hilo tunalisoma kitabuni, mdomoni "kwa nini" yetu ni "juu ya nini". Akiwa anasema na baba yake, Salomon angesema "juu ya nini". Akiwa anamwomba Mungu, angesema "mbona".

"Alisema mbona, ao alisema juu ya nini?"

Bisimwa alijaribu kukumbuka. Nilimwona anataka kunisaidia.

"Papa, ile yote iko neno moja," alisema. "Mie nilikuambia vile sisi tunasema. Lake, sikulishika."

Walikunywa maji, wakaondoka kabla jua halijakaza. Atumani aliniambia pole mara mbili. Bisimwa hakuweza kunitazama.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kanisani tukijiandaa kwa Ijumaa Kuu, na mjuaji wa mwaka huu akanyoosha mkono. Matayo anasema hivi, Luka hivi, tumwamini nani? Consolée alikuwa benchi ya mbele. Nilimjibu sijui. Nikayasoma ya Matayo peke yake, nikafunua kurasa, nikayasoma ya Luka peke yake, nikafunga kitabu.

Nyumbani viatu viko karibu na mlango, Consolée huvifuta vumbi. Nami kila asubuhi ninapiga magoti mbele ya viatu hivyo bila aibu. Nilimpiga mtoto kwa kosa lile la kuchanganya maneno, na sasa namwomba Mungu iwe alilirudia kule shimoni.