Umefunga?

MASHARTI YA USALAMA NA USAFI WA BWAWA LA KUOGELEA LA NYUMBANI
(Yasomwe na kila mkazi, mgeni na mtumishi.)

SHARTI LA 1. Bwawa lizungushiwe uzio ambao mtoto hawezi kuupanda wala kupenya.

SHARTI LA 2. Lango la uzio lifungwe kwa kufuli wakati wote ambapo hakuna mwangalizi.

Lifungwe.

Lishike hilo neno, msomaji. Usiliachie.

1.

Karatasi hiyo imebandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, nyumbani kwa Mama Adelina, Raskazone, mjini Tanga. Imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Aliyeibandika ni Mzee Mbwana Kilua, mtunza bwawa, mwaka wa kumi na mmoja huu, na ukitaka kugombana naye mwambie hajui kazi yake.

Watu wanadhani bwawa ni maji na vigae. Wee! Linyime brashi siku mbili uone litakavyoota ukungu. Likose dawa siku tatu, vyura watahamia na ukoo wao mzima. Mzee Mbwana husema bwawa ni mgonjwa wa kudumu: hafi, haponi, na ukimgeuzia kisogo anakuaibisha mbele ya wageni.

SHARTI LA 4. Maji yapimwe kila siku. Yakionekana kupungukiwa, yatiwe dawa.

SHARTI LA 5. Yakishatiwa dawa, mtu yeyote asiingie bwawani mpaka kifuniko cha tundu la chini kionekane wazi kutoka ukingoni.

2.

"Babu, unafanya nini?"

"Natia dawa."

"Maji yanaumwa?"

"Yanaumwa, mjukuu wangu. Hoi bin taabani."

"Yanaumwa wapi?"

"Tumbo. Si unaona yalivyochafuka?"

Huyo ni Tunu, miaka minne, mtoto wa pekee wa Mama Adelina; Adelina ni jina la mama mwenyewe. Alikuwa nje ya uzio, vidole vimepenya kwenye waya, pua imefuata vidole. Mama yake alikwenda Muheza msibani tangu asubuhi, akamwacha na bibi yake, na bibi mwenyewe magoti yamemgomea. Mchana kutwa yuko kwenye kiti cha barazani, nusu macho, nusu usingizi.

"Mgonjwa anapelekewa nini, babu?"

"Anapelekewa machungwa. Haya, nenda kwa bibi, dawa hii inawasha macho."

Alikuwa anacheka alipolijibu hilo. Baadaye angetoa meno yote aliyobakiwa nayo ili alirudishe.

3.

Alivyokuwa navyo Mzee Mbwana akitoka uzioni, saa kumi na moja kasoro robo jioni:

ndoo tupu ya dawa
brashi ya mpini mrefu
neti ya kuopolea majani
mpira wa maji, umekunjwa begani
kiu ya siku ya kumi na saba ya Ramadhani

Mkono wa tatu Mungu hakumpa. Kwa hiyo lango alilirudishia kwa nyonga. Likalia *kacha*, likakaa. Kufuli akalitumbukiza mfukoni, kwamba akishaviweka vitu kibandani

atarudi

4.

Simu ya Mama Adelina ilimkuta barabarani, njia ya kwenda kwake Makorora. Akashuka kwenye baiskeli, maana yeye si katika wale wanaoendesha na kuongea kwa pamoja.

"Halo, Mzee Mbwana! Huku mtandao                         lile                         umefunga?"

"Nimefunga, mama! Alhamdulillahi!"

"Vizuri sana. Sasa usifungue mpaka nifike."

"Hahaa! Karibu, mama! Karibu sana!"

"Haya, ahsante, mzee wangu."

Ikakatika.

5.

Usimcheke. Au mcheke kidogo, kisha nyamaza. Mtu aliyekaa na njaa siku kumi na saba, ulimi umekauka kama brashi yake, ukimwuliza umefunga, atawaza mlango? Mlango gani? Na ukimwambia asifungue mpaka ufike, atajua unakuja kula naye. Alipanda baiskeli yake akipiga mluzi, akauacha haraka kwa kukumbuka mwezi mtukufu.

6.

"Mwanjaa! Ongeza mihogo! Mama Adelina anakuja kufuturu."

"Anakuja nani?" Mkewe alisimama na mbuzi ya kukunia nazi mkononi.

"Bosi. Kasema nisifungue mpaka afike."

"Yallah! Na futari yenyewe ndiyo hii? Ungesema mapema, baba Mwatumu, mtu akatafuta hata samaki."

Alikuna nazi ya pili. Akakamua tui la kwanza, akaliweka kando. Akatia maji, akakamua la pili, jepesi, jeupe. Mzee Mbwana alikaa mkekani, mkono ukaenda mfukoni kutafuta tasbihi.

"Lakini huyu mama si anasali Jumapili?" Mwanjaa hakugeuka. "Habari za kufunga kwako kazianza lini?"

"Leo kaniuliza. Kasema, umefunga?"

"Kauliza umefunga nini?"

Nini.

Mkono mfukoni haukugusa tasbihi. Uligusa chuma.

7.

kufuli

8.

Simu alizopiga Mzee Mbwana, saa kumi na moja na dakika arobaini:

Mama Adelina. Hapatikani.
Mama Adelina. Hapatikani.
Mlinzi wa nyumba ya jirani. Inaita. Inaita. Haipokelewi.
Bibi yake Tunu. Hana simu. Aliikataa, alisema inampigia kelele.
Mama Adelina. Hapatikani.

SHARTI LA 8. Mtoto anayezama hapigi kelele. Usingoje kusikia.

9.

Barabarani, jioni hiyo, watu walisema:

"Mzee, futari inakukimbia?"

"Polepole, adhana bado!"

"Huyo kachelewa kwa mke mdogo, mwacheni."

"Mzee Mbwana! We Mzee Mbwana, salamu tu?"

Mnyororo wa baiskeli ulichomoka mara moja karibu na mzunguko wa barabara, akaurudisha kwa vidole, mafuta hadi kwenye viwiko. Aliogopa. Hajawahi kuogopa vile, hata siku alipomzika mama yake, maana mama alikuwa amekwisha kufa na hapakuwa na la kuwahi. Alisema *Ya Rabbi* mpaka neno likaisha ladha. Alijiambia lango lilikaa, alilisikia likikaa. Halafu akakumbuka kwamba lango lile, kitasa chake kiko usawa wa pua ya mtoto.

Aliyeona kitasa kinafaa pale alikuwa yeye.

10.

Bibi barazani. Kichwa kifuani. Amelala.

Lango.

Liko wazi.

Si wazi sana. Wazi kiasi cha mabega ya mtu wa miaka minne.

Mbele yake ndara mbili za manjano zimevuliwa, zimepangwa sawasawa, kama zinavyovuliwa mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

11.

Chungwa lilikuwa linaelea.

Maji yalikuwa meupe. Dawa aliyoitia mwenyewe, kwa kipimo chake mwenyewe, ilikuwa inafanya kazi yake, na bwawa zima lilikuwa kama tui la pili. Alisimama ukingoni akatazama chini. Kifuniko cha tundu hakikuonekana. Ngazi ya majini ilionekana hatua mbili, ya tatu ikamezwa na weupe.

"Tunu!"

Pampu tu ndiyo iliyokuwa ikinguruma.

"TUNU!"

SHARTI LA 9. Mwokoaji atumie kwanza fito au boya. Asiingie majini mwenyewe ila kwa

12.

Aliingia na kofia yake, na viatu vyake, na kufuli lake.

Mara ya kwanza: vigae. Vigae. Vigae. Anavijua kimoja kimoja, kile chenye ufa, kile kilichobadilishwa.

Pumzi.

Mara ya pili: kifuniko cha tundu. Alikipapasa pande zote. Hapo ndipo maji yalipomwingia, kinywani, puani, akameza funda zima, kali, lenye kuchoma koo.

Pumzi.

Mara ya tatu:

kitu laini.

13.

Kitambaa.

Alikileta juu kwa mikono miwili. Kitambaa cha maua cha jikoni, kile watu wanachofunikia sahani wakienda kumwona mgonjwa. Akakitazama, akakigeuza, akatazama tena kana kwamba mtoto angeweza kuwa ndani yake.

Akavuta pumzi ya nne.

"Babu, mbona unaogelea na nguo?"

14.

Langoni. Amesimama. Chungwa jingine mkononi.

Mzee Mbwana hakupanda ngazi; alitambaa ukingoni kama mamba, akamkumbatia, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, bila haya. Alimbusu kichwani. Kisha midomo yake ikajua kitu ambacho macho hayakuwa yamekiona.

Nywele zilikuwa zimelowa.

Gauni nalo. Limelowa mpaka shingoni. Macho mekundu.

"Uliingia majini?"

"Niliyapelekea chungwa. Likaenda mbali. Nikalifuata."

"Halafu?"

"Maji yakanivuta."

"Halafu, Tunu?"

"Nikashika chuma cha ngazi. Nikakohoa. Nikaenda kuleta chungwa jingine." Alimtazama kwa mashaka. "Yamepona?"

Alimpeleka bombani, akamwosha macho, uso na nywele kwa maji baridi, akamwosha tena. Akamsikiliza kifua, sikio kwenye gauni lililolowa. Kilikuwa kinapiga haraka, au kilichopiga haraka kilikuwa sikio lake. Hakuweza kutofautisha.

"Unaumwa kifua? Unapumua vizuri?"

Mtoto akakohoa. Mara moja. Halafu mara ya pili.

"Babu. Usimwambie mama."

15.

Alitoa kufuli mfukoni. Lilikuwa linadondosha maji. Akalipachika, akalibana, akalivuta. Akalivuta tena.

Sasa limefungwa.

Na saumu? Waulize masheikh, wao ndio wenye vitabu. Funda lile hakulitaka, lilikuja lenyewe, na huenda halihesabiwi. Yeye alikuwa anasikia tu ladha ya dawa kwenye koo, na hakuweza kusema kwa hakika kama kile alichokibeba tangu alfajiri bado anacho.

16.

TAARIFA YA TUKIO
(Ijazwe na mtunza bwawa siku hiyohiyo, kabla hajaondoka.)

Jina la mtunza bwawa: Mbwana Kilua

Saa ya tukio:

Je, lango lilikuwa limefungwa?     [   ] Ndiyo     [   ] Hapana

Je, kuna mtu aliyeingia majini?     [   ] Ndiyo     [   ] Hapana

Maelezo kwa ufupi: Mtoto

17.

Kalamu iliishia hapo, maana honi ililia nje.

Fikiria alivyofikiria yeye, msomaji, kwa muda ule mfupi wa gari kuingia uani. Nguo za mtoto zitakauka. Bibi hakuona. Kufuli liko mahali pake, yeyote na alivute. Miaka kumi na mmoja ya kazi bila doa. Na mtoto mwenyewe ameomba.

Halafu kikohozi. Cha tatu.

Alipata kusikia, wapi hata hakumbuki, kwamba mtu akimeza maji anaweza kutoka mzima, akacheka, akala, na baadaye kifua kikamgeuka. Kwamba mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ileile, asingojewe. Kwenye karatasi yake ya ukutani hakuna sharti hilo. Alilitafuta kwa macho, la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna.

18.

Mama Adelina alishuka, kitenge cha msibani bado kiunoni, akaja moja kwa moja hadi kwenye uzio. Alilivuta lile kufuli kwa mazoea. Likashika. Akashusha pumzi.

Ndipo akamtazama Mzee Mbwana, maji yakimchuruzika hadi kwenye soksi. Akamtazama Tunu, aliyejificha nyuma ya mguu wa mzee, kidole mdomoni: *shii*.

Akalitazama chungwa ndani ya uzio.

"Mzee Mbwana." Sauti ilikuwa ndogo. "Si nilikuuliza? Si uliniambia umefunga?"

Kutoka Makorora mpaka Raskazone, msikiti mmoja baada ya mwingine, adhana ya magharibi ikaanza.

Mzee Mbwana akafungua kinywa.