Kisanduku cha Hapana

Marla Hostetter aliamka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha wasichana mpira wa kikapu katika sekondari ya Pell Creek, mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani, wenye watu elfu moja na mia nane na ukumbi wa mpira wenye viti elfu tatu. Viti vilijaa kila Ijumaa. Wachezaji ndio hawakuwepo: mwaka huu walijiandikisha tisa tu.

Dwight Raber, mjumbe wa bodi ya shule, ndiye aliyesimama kikaoni Machi akataka kocha anayeshindwa apumzishwe. Sasa Dwight huyohuyo alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, anamsukumia Marla fomu ya kumhamishia binti yake mwenyewe, Kenzie, mchezaji pekee wa maana kwenye timu, shule kubwa ya mji jirani.

Fomu ilikuwa na swali moja la kocha: je, mwanafunzi anahama kwa ajili ya michezo? Angeweka alama kwenye "ndiyo", kwa sheria za mashindano Kenzie angekaa benchi mwaka mzima; aliyehama na familia yake tu ndiye aliyeruhusiwa kucheza mara moja.

"Weka hapana, Kocha, tumalizane," alisema Dwight. "Sisi tumeshahamia huko."

"Mmehamia? Mbona mbwa wako kanibwekea asubuhi palepale kwenu?"

"Mbwa tutamfuata."

"Na mkeo, aliyekuwa anazoa majani uani?"

Mkuu wa shule akajifanya anatafuta kalamu.

"Mkataba wako uko mezani kwa bodi Jumatatu," Dwight alisema. "Kura yangu unaijua."

"Huna haya! Unanikata miguu, halafu unanifukuza kwa kuwa sikimbii!"

Marla akaichukua fomu, akatoka. Mkono ulimwasha kuandika ndiyo, ukweli mtupu, Dwight akome. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hii alikuwa ameipanda mwenyewe. Kenzie alipokuwa na miaka minane, ni Marla aliyemfunga mkono wa kulia kwa taulo ili ajifunze kudunda kwa kushoto.

Msichana alikuwa amekaa koridoni.

"Kenzie, unataka kwenda?"

"Baba anasema..."

"Sijamuuliza baba yako."

Kenzie akaangua kilio. "Nataka, Kocha. Nisamehe. Nimechoka kushindwa."

Ilimuuma Marla kuliko kikao cha Machi. Akaiweka fomu ukutani, akatia alama kwenye hapana, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akarudi ofisini, akaitupa mezani.

Dwight akatabasamu. "Nilijua una busara."

"Sikufanya kwa ajili yako. Kura yako ipeleke unakotaka. Ila Jumatatu mlete na yule mbwa. Kwenu ndiye pekee asiyesema uongo, na leo hata mimi amenishinda."

Saa tisa na nusu alipuliza kipenga ukumbini. Walikuja wanane.