Kahawa Niliyomtilia Mama

Kaka yangu Mundhir alikufa Jumatano asubuhi, mwaka sabini na tatu, katika kinu cha mafuta ya zeituni nje ya mji wetu wa Sfax, Tunisia. Ukanda wa mashine ulimnasa koti. Walimleta nyumbani amezongwa blanketi mbili, na ami Slaheddine, mdogo wake marehemu baba, akasimama mlangoni pa chumba asimruhusu mtu kupita.

"Nimwone," Mama alipiga kelele ukumbini, wanawake wamemshika. "Huyo si wenu, ni wangu!"

Ami alinivuta kando. "Radhia, uso haupo. Unanisikia? Haupo. Mama yako akiona hayo, tutazika wawili leo. Vile vidonge vyake viko wapi?"

Alijua kuwa mimi ndiye mwenye kuvitunza, maana nilikuwa nikiuza katika duka la dawa. Baba alipofariki wakati wa joto, daktari alimwandikia Mama vidonge vyekundu vya usingizi, vile vya zamani vinavyomlaza mtu kama gogo. Alisisitiza: siku kumi tu, asije akavizoea. Mama alimeza vichache akavikataa, eti anaamka na kichwa kizito. Vilivyobaki nilivificha.

"Ami, ataniuliza."

"Aulize akishaamka. Sasa hivi atulie."

Nikapasua maganda ya vidonge, nikamwaga unga wake kwenye kahawa, nikazidisha sukari na maji ya maua ya michungwa ili kufunika uchungu.

Mama akapokea kikombe. "Hujatia kitu kinywani, mwanangu. Kunywa na wewe kidogo."

"Nimeshakunywa, Mama."

Akainywa yote, kwa kuwa nilimpa mimi.

Mundhir alizikwa baada ya Alasiri. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, nami nimekaa ubavuni pake nikisikiliza pumzi zake. Wanaume walitoka na jeneza, tahlili zao zikateremka mtaani hadi zikapotea. Mama hakujigeuza hata mara moja.

Aliamka Magharibi, ulimi mzito. "Wameshamwosha?"

"Ameshazikwa, Mama."

Alinitazama. Hakulia. "Wewe ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi mmezika mtoto wa watu."

Tangu hapo kila Ijumaa alikwenda kwenye kituo cha mabasi yatokayo mji wa Gabes kuwatazama vijana wanaoshuka. Nyumbani alimwekea Mundhir sahani yake. Jirani akimwambia, "Shedlia, mwombee mwanao rehema," humjibu, "Waombewe waliokufa. Wangu kachelewa." Makaburini hakukanyaga. Na chochote kilichotoka mkononi mwangu hakukinywa, hata maji. Alijichotea mwenyewe mtungini, hata mgongo ulipompinda.

Siku moja nilimpigia magoti. "Mama, niliogopa utakufa."

"Ningekufa nikijua," akasema, akaendelea kuchambua dengu.

Aliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Siku aliyokata roho nilimpelekea maji kwa kijiko, akafumba midomo. Ilibidi mama mdogo Beya, nduguye, amnyweshe.

Siku ya arubaini yake, wageni walipokwisha kuondoka, ami Slaheddine alibaki uani. Alikuwa ameshazeeka, macho yamefifia. Akasema bila kuulizwa:

"Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima."

"Mkono wa nani, ami?"

"Wa Mundhir. Haukuchubuka hata kidole. Mimi niliuona uso tu, Radhia. Akili yangu yote iliishia usoni."

"Lile kovu la kuungua na tanuri, kwenye dole gumba?"

"Lilikuwepo."

Mama angeutambua mkono ule hata akiwa amefumba macho. Tungemfunika Mundhir mwili mzima, tukamtolea ule mkono tu, aushike, aubusu, amlilie mwanawe.

Ami alikuwa akilia. Nilikusanya masinia ya wageni, nikakaa bombani kuyaosha, kwani hapakuwa na mwingine wa kuyaosha.