Msasa Amwagilia Mikono

Jina la Msasa hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake wa ujenzi, siku walipomwona akimalizia kusawazisha plasta ya ukuta kwa kiganja kitupu, na ukuta ukatoka laini hata nzi wakawa wanateleza. Lakini saruji haipigwi bure. Ilimla ngozi, ikamwachia nyufa ambazo, ukimsikiliza fundi rangi rafiki yake, sisimizi waliingia asubuhi wakatoka jioni wamepotezana na ndugu zao. Inasemekana aliwahi kumpa mkono tajiri mmoja mwenye nyumba, na yule bwana akaenda zake pete imepungua uzito.

Wengine huiogopa ile methali ya ufa na ukuta. Msasa ilimlisha. Wao hawakuziba ufa, yeye akaitwa kujenga ukuta.

Zamani mikono hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kila Msasa akirudi kazini, mkewe alimkalisha kwenye kigoda, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, akamfuta nusunusu, kisha akachota mafuta ya mgando kwenye kopo na kumpaka hadi katikati ya vidole.

"Mama watoto, unanifanya kambale. Kesho mwiko utanichomoka."

"Nyamaza, mzee. Jioni mikono hii haigusi ukuta, inanigusa mimi."

Kisha mkewe akapata homa, akalala, hakuamka. Watu walilia. Msasa hakulia. Alishikwa mikono na waombolezaji msururu mzima, na asingeweza kukuambia nani alikuwa na mkono wa moto na nani wa baridi. Baada ya hapo aliacha na kazi, akawa mtu wa nyumbani. Ukimwambia paa linavuja, anasema, "Sawa." Ukimwambia paa limezibwa, anasema, "Sawa."

Kopo la mafuta lilibaki dirishani. Ndani yake, kwenye mafuta, palikuwa na mfereji mdogo: kidole cha mkewe kilipopita mara ya mwisho. Msasa alikuwa akilifunua, anautazama ule mfereji, analifunika. Hakuchota. Mikono ikazidi kupasuka, naye akaitazama kama mtu anayetazama nyumba ya jirani.

Nyumbani alikuwa na binti yake, aliyekuja kujifungua na kukaa karibu na baba. Mume wa binti alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wa leo huku kesho kule. Mpango ulikuwa mmoja: likizo ya uzazi ikiisha, binti arudi kiwandani kushona mashati, babu abaki na mjukuu mchana.

Wakafanya majaribio. Msasa akambeba mtoto, na nyuzi za blanketi zikanasa kwenye viganja kama zimetegwa. Alipojaribu kumpangusa shavu, shavu likaachiwa mchirizi mwekundu. Mtoto akapiga yowe lililowaamsha hata kuku wa mtaa wa pili.

"Baba! Unamkwaruza!"

"Sikusikia."

"Ndiyo shida yenyewe, baba. Husikii." Binti akamchukua mwanawe. "Jumatatu narudi kazini. Kama mikono bado iko hivyo, nampeleka kwa mama mkwe, na mimi nahamia hukohuko. Mtoto ananyonya, siwezi kulala mbali naye."

"Sawa," akasema Msasa.

Lakini alilitazama begi la binti lililoshushwa kutoka juu ya kabati. Alijua kwamba likitoka mlangoni, nyumba itabaki na yeye na saa ya ukutani. Alilijua hilo kama unavyojua kuna mvua nje wakati wewe uko ndani.

Basi akaanza kujitibu. Na kwa kuwa mganga hajigangi, akajitibu kwa elimu ya ukutani. Plasta ikipasuka, ujue imekauka haraka. Dawa yake? Kuimwagilia. Akajaza ndoo, akatumbukiza mikono asubuhi, mchana na jioni, kwa sabuni ileile ya kufulia. Akiitoa, anaiacha ikauke kwa upepo, kisha anairudisha. Akatafuta na gunia, akalilowesha, akajifunga mikono kama nguzo iliyomwagwa zege jana.

Fundi rangi alipopita kumjulia hali, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Msasa, unamwagilia nini?"

"Mikono."

"Inatarajiwa kuota lini?"

"Ukuta usiponyweshwa unapasuka. Wewe mtu wa rangi utajua nini?"

"Mimi najua kupaka, bwana. Na hapo naona panataka kupakwa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Msasa akaendelea kumwagilia, na nyufa zikaanza kutoa damu. Binti alipoona ndoo ina wekundu, aliimwaga uani.

"Baba, mkono si ukuta! Maji yakikauka yanaondoka na mafuta ya ngozi. Unaosha kidogo, unafuta unaacha unyevunyevu, unapaka mafuta hapohapo, unavaa soksi za pamba mikononi yasifutike. Si ndivyo mama alivyokuwa anakupaka? Na kopo si lile pale?"

"Lile liache."

"Kwa nini?"

"Liache tu. Nitanunua jingine."

Akaenda dukani kweli. Muuzaji alipouliza, "Nikupe nini, mzee?" Msasa akaitazama rafu ya makopo mapya, mafuta yake yamejaa laini bila alama yoyote, akasema, "Kiberiti." Kesho yake akarudi na kiberiti kingine.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, usingizi ulimchukua kitini. Alipofumbua macho, mikono yake ilikuwa imevaa soksi. Kopo lilikuwa kwenye kigoda, wazi. Mafuta yamechotwa upande mzima. Mfereji haupo.

Binti alikuwa anakunja nguo za mtoto. "Nimekuosha, nimekupaka, hata hukutikisika. Kwani wewe gogo?"

"Umechota."

"Nimechota, baba. Yalikuwa yanakauka bure."

Msasa akaisubiri hasira kama unavyosubiri mgeni aliyeahidi kuja. Haikuja. Akayasubiri machozi, nayo hayakuja. Alilitazama kopo, akaitazama mikono yake ya soksi, mithili ya mtu aliyevaa viatu kimakosa.

"Sawa," akasema.

Akakaa vilevile hadi jua likapungua. Binti alimletea chai, lakini kwa soksi hakuweza kukishika kikombe, ikapoa.

Jioni binti alikuwa ametoka kumwogesha mtoto uji ulipoanza kufurika jikoni.

"Baba, mpokee! Upesi!"

Msasa akazivua soksi kwa meno, akanyoosha mikono, akapokea mtoto ndani ya taulo. Taulo halikunasa. Mtoto hakulia. Alimtazama babu yake kwa macho ya msimamizi aliyeona ukuta umepinda.

Kisha pakatokea kitu. Kilianzia kwenye kiganja, kikapenya katikati ya vidole, kikashuka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Msasa akasimama, shingo kaiinamisha upande.

Binti akarudi na mwiko wa uji mkononi. "Amekukojolea?"

"Ndiyo."

"Pole, baba. Lete nimchukue."

"Mwache kwanza."

"Baba, yanachuruzika mpaka chini!"

"Nayasikia," akasema Msasa. "Ya moto."

Akasema tena, taratibu, kama anayemwambia mtu mwingine humo ndani: "Ya moto kabisa."

Binti akamtazama baba yake usoni, akaacha kunyoosha mikono. Akaenda kuliinua begi, akalirudisha juu ya kabati.

Mtoto alipobadilishwa nguo, Msasa akalifunika kopo na kulirudisha dirishani. Akavaa kandambili, akatoka kwenda dukani kabla halijafungwa. Safari hii hakurudi na kiberiti.