Wingu la Mama Taja

Mama mkwe wangu, Taja, hakuwa mtu wa kusema "nadhani." Kwake jambo ni hivi, basi. Nilikuwa nimemwoa bintiye Dilshada majira ya baridi, na hayo yalikuwa matembezi yangu ya kwanza na ukoo wao: siku ya milozi kuchanua, katika bustani iliyo chini ya ngome, hapa mjini kwetu Srinagar.

Taja aliuchagua mlozi uliosheheni maua kuliko yote, akatandika mkeka, akaniamuru niwashe samovari, lile birika la makaa. Makaa yakashika, chai ya chumvi ikanukia. Juu yetu hapakuonekana tawi, ni maua tu, na nyuki wamelewa humo.

Baada ya chakula, wingu jeusi likachungulia nyuma ya mlima. Watu wakaanza kukunja mikeka yao.

"Dada, twende zetu," alisema Mukhta, mdogo wake Taja, ambaye amezaliwa kumpinga.

"Kwa wingu lile? Tasa lile. Halina hata tone."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, nikaugua homa."

"Homa ya ubishi hiyo. Kaa unywe chai."

Mukhta akavaa viatu, akanigeukia. "Shaukat, wewe una akili zako. Njoo tutafute bajaji. Huyu atakuzamisha, baba."

Wote wakanikodolea macho. Dilshada akainama kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Nililitazama lile wingu. Hata mtoto mchanga angejua limebeba mvua.

"Nabaki, mama mdogo. Mama kasema halina maji."

"Haya, mzame wote!"

Alipotokomea tu kati ya miti, mbingu zikafunguka. Ilikuwa mvua ya mawe. Nililivuta turubai tulilofungia vyombo, nikalishika upande mmoja, Dilshada upande wa pili. Wasichana watatu wa chuo waliokuwa wakipigana picha wakaja mbio wakilia na kucheka, wakajibana nasi. Taja, maji yakimchuruzika puani, akawamiminia chai kana kwamba aliwaalika tangu jana.

"Kunyweni, wanangu. Hii itapita sasa hivi."

"Mama," nilisema, meno yakigongana, "si ulisema ni tasa?"

Akanisogelea sikioni. "Nitajulia wapi mambo ya mawingu mimi? Lakini ningesema sijui, saa hizi tungekuwa nyumbani tunatazama ukuta."

Nikacheka hata turubai likanimwagia maji shingoni. Naye akacheka, akanipa kikombe chake mwenyewe, cha shaba, ambacho Dilshada aliniambia baadaye hakuwahi kumpa mtu.

Mvua ikakatika. Nusu ya maua ilikuwa chini, nyasi zimegeuka nyeupe, na bustani nzima ilikuwa yetu na wale wasichana. Hewa ilinukia mno. Tulikuwa tunakamua nguo zetu tulipomwona Mukhta akirudi polepole njiani, kilemba chake kimelowa na kumganda kichwani kama gome, kiatu kimoja mkononi. Langoni bajaji zote zilikuwa zimeshachukuliwa na watu.

Taja alisogea akampa nafasi kwenye mkeka, akamvua kilemba, akamfuta uso kwa upindo wa kanzu yake.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Huko ulikokwenda kulinyesha?"